Kula Kimediterania na mtoto mwenye mzio wa ufuta

Binti yetu ana miaka 7 na ana mzio wa ufuta. Mwenye mtoto wa namna hii anajua: ukiingia mgahawani, picha za chakula unazipita, unachotaka kujua ni mambo ya jikoni. Na jiko la Kimediterania lina ufuta kila kona. Tahini, yaani ufuta uliosagwa mpaka ukawa rojo, ndiyo inayoilainisha homosi, ile dengu ya kuponda ya kuchovyea mkate. Imo kwenye bilinganya za kuchoma zilizopondwa, imo kwenye mchuzi mweupe wa kumwagia shawarma. Zaatari, ule mchanganyiko wao wa majani makavu na viungo, ina punje zake. Halwa yao ya tahini ndiyo kabisa, ni ufuta na sukari. Ndiyo maana mgahawa huu wa mtaani kwetu tulikuwa tunaupita miezi yote, tunanusa nyama ya kondoo ikichomwa, halafu tunaendelea na safari.

Juzi mama mkwe alitutembelea, akasema anataka kula nje, pahali pa karibu pasipo na makuu. Tukaenda watu sita, sindano ya adrenalini, ya dharura mzio ukimpata, ikiwa mkobani kama kawaida.

Nilimweleza mhudumu kabla hatujakaa. Kijana yule hakuniambia "hamna shida", maneno ambayo yameshatuponza mara mbili kwingine. Alisema, "Ngoja nimwite mpishi, mama." Mpishi akatoka anafuta mikono kwenye aproni, akachuchumaa mbele ya binti yangu na kumuuliza yeye mwenyewe: ukigusa tu unaumwa, au mpaka ule? Kisha akatupitisha kwenye menyu, chakula kimoja baada ya kingine. Felafeli zake ni dengu zilizolowekwa usiku kucha na kusagwa zikiwa mbichi, pamoja na vitunguu na majani, ila huzivingirisha kwenye ufuta kabla ya kuzikaanga. Na chipsi zinakaangwa kwenye mafuta hayohayo. "Chipsi asile," alisema. Mtoto akanuna, mimi nikashusha pumzi. Hakuna mpishi aliyewahi kuniambia habari ya mafuta kabla sijamuuliza.

Vyakula vidogovidogo vya kuanzia huwekwa katikati ya meza na kila mtu anachovya mkate wake. Ni ulaji mzuri sana kwa familia, lakini kwetu ndio mtego wenyewe, maana mkate uliotoka kwenye homosi dakika moja baadaye uko kwenye mtindi. Nilikuwa tayari kumtenga binti yangu pembeni na sahani yake. Bibi yake akakataa. "Kama kitu hicho kinaweza kumdhuru mtoto, kisiletwe hapa kabisa." Basi meza nzima tukaachana na tahini jioni ile.

Mpishi alitutengenezea dengu za kuponda kwa ndimu, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, kwenye mashine aliyoiosha upya. Aliyezoea homosi ataona pengo, ule uzito unaobaki ulimini haupo, na dengu zinakuwa na chengachenga kidogo. Lakini binti yangu hajawahi kula kitu kinachokaribia homosi maishani mwake. Alikomba bakuli kwa kidole, nami sikumkataza.

Kilichonikuna mimi ni mtindi uliochujwa kwenye kitambaa mpaka ukawa mzito kama jibini laini, juu yake mafuta ya zeituni na nanaa kavu. Tabule nayo, ile saladi ya majani na ngano, waliipatia. Sehemu nyingi hujaza ngano na majani yakawa pambo tu. Hapa majani ndiyo yalikuwa chakula, ngano imenyunyizwa. Mishikaki ya kondoo ilikuwa laini, na wanaiwekea vitunguu vilivyochanganywa na sumac, ule unga mwekundu mchachu. Supu ya adesi ya kawaida. Samaki alikuwa mkavu, baba watoto alimwacha nusu.

Sasa kosa. Kikapu cha pili cha mkate kililetwa na mhudumu mwingine, na ndani mlikuwa na mikate ya duara yenye ufuta juu. Mwanangu mkubwa ndiye aliyeona, mdogo wake akiwa ameshanyoosha mkono. Mwili wangu wote uliingia baridi. Yule kijana wa kwanza alikuja mbio, akaondoa kikapu, sahani na kitambaa cha meza, akafuta meza yote na kutuandalia upya. Mpishi akaja kuomba radhi bila kujitetea. Niliwasamehe, lakini nyota moja nawakata, kwa sababu habari niliyompa mhudumu mmoja ilipaswa kuwafikia wote.

Wakati wa vitamutamu, binti yangu alitaka baklava. Ya kwao ni pistachio, siagi na shira, haina ufuta. Mpishi akakataa tena: kisu kinachoikata ndicho kinachokata halwa. Akamletea mtindi mzito wenye asali na punje za komamanga.

Ninachowaomba ni kuweka alama kwenye menyu. Watu wanakumbuka karanga na maziwa, ufuta wanausahau. Umoja wa Ulaya unauhesabu kati ya vyakula 14 ambavyo hata mgahawa lazima umjulishe mteja, na Marekani ikaanza kulazimisha utajwe kwenye vyakula vya paketi Januari 2023. Kwa mgahawa ambao nusu ya vyakula vyake vina tahini, kutegemea kumbukumbu ya mpishi mmoja hakutoshi, kwa sababu iko siku atakuwa mapumzikoni. Nilimwambia hivyo wakati wa kulipa, naye akachukua menyu na kalamu, tukaanza kuweka alama palepale kaunta, tukianzia na felafeli.