Klachi nzito kwenye Land Cruiser 79 V8: pesa yangu imekwenda pazuri

Injini ya lita 4.5 ikishaongezwa nguvu ya kuzungusha (torque) kupita Nm 430 za kiwandani, klachi ya kawaida hailimudu trela. Gia ya tano, rauni zinapanda, mwendo palepale, harufu ya kuungua ndani ya kebini. Nimefunga klachi nzito yenye presha pleti kali (bamba linalobana sahani ya klachi), na flaiwili mpya, lile gurudumu zito la injini ambalo sahani hubanwa juu yake. Sahani nimekataa ya seramiki. Inashika ghafla, na kwenye foleni utachoka. Hii niliyofunga, sahani ya aina ya kawaida ila imeimarishwa, inashika taratibu. Mlima Kitonga, kule Iringa, nimepanda na mzigo, haikuteleza hata kidogo! Pedali imekuwa nzito kiasi. Na jamani, msivute trela siku ileile. Iacheni kwanza izoee kwa safari nyepesi.