Darasa la wazee jimu: miezi mitatu ya stuli na vyuma

Nusu marathoni ya Kilimanjaro nimeikimbia mara tano, na kinachonishinda si kupanda kuelekea Mweka, ni kushuka. Magoti yanawaka moto, na Jumatatu nateremka ngazi za nyumbani kinyumenyume kama mtoto anayejifunza kutembea. Dawa yangu miaka yote ilikuwa kuongeza kilomita. Safari hii binti yangu akanilipia jimu moja hapa Moshi, darasa la wazee, shilingi 60,000 kwa mwezi, Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Nina miaka 63.

Siku ya kwanza nusura nigeuze. Kocha ni kijana mdogo. "Shikamoo mzee wangu, leo hukimbii." Akaniletea stuli ya mbao: kaa, simama, bila kushika popote, mara kumi na tano. Nikacheka moyoni. Kufika ya nane mapaja yanatetemeka, mimi mtu wa kilomita 21! Pembeni yangu mama wa miaka sabini na kitu, kanga kiunoni juu ya suruali, keshamaliza zake, anafuta stuli.

Kumbe kukimbia peke yake hakutoshi kulinda misuli ya mzee. Shirika la Afya Duniani linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na ya kuusawazisha mwili siku tatu, mbali na zile dakika 150 za kutembea haraka na mfano wake. Dakika ninazo za kugawa. Hayo mengine nilikuwa na sifuri.

Lawama ninayo moja, nayo si ndogo. Kocha anachukua 220 anatoa umri, basi mwisho wa mapigo ya moyo wangu kwa dakika ni 157. Lakini natumia dawa ya presha inayoshusha mapigo: saa inaonyesha nimepumzika, huku natweta. Nilisema mara mbili, ya tatu ndipo tukahamia kipimo cha kuongea: ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Darasa la wazee, halafu siku ya kujiandikisha hakuna aliyeuliza ninameza nini!

Jumapili iliyopita niliteremka kutoka Mweka bila kusimama. Jumatatu ngazi nilishuka uso mbele. Miezi mitatu mingine nimeilipia mwenyewe, na kocha ameshaniambia stuli inayokuja ni fupi zaidi.