Mastodon na Tusky kwa mtumiaji wa Tanga: chagua seva kwanza

Mastodon ni mtandao wa kijamii, na anayeufungua akitarajia Facebook nyingine atachoka siku ya kwanza. Hakuna matangazo, posti zinashuka kwa mpangilio wa saa, na usipomfuata mtu ukurasa unabaki mtupu. Kwa mwenye bando dogo, huo ndio uzuri wake. Kwa mwenye duka la kanga Ngamiani anayetafuta wateja, wateja hawapo huko, asidanganywe.

Mtandao huu ulianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, Ujerumani. Ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazotunza akaunti za watu, kila moja na mwenyewe, zinazowasiliana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya ActivityPub iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Zifikirie kama mabaraza ya mtaani: Barabara ya 8 wana lao, Chumbageni wana lao, habari zinatoka huku zinafika kule, lakini kila baraza lina mwenye nyumba. Akiamua kufunga, mnainuka. Ndiyo maana kumchagua mwenye nyumba kunatangulia kupakua programu yoyote.

Tumia orodha ya joinmastodon.org. Seva zilizomo zimekubali kutoa taarifa miezi 3 kabla ya kufunga, kuhifadhi nakala kila siku, na kuwa na mtu wa pili anayeweza kuingia ikitokea dharura. Kabla ya kujisajili soma ukurasa wa kujitambulisha wa seva: nani msimamizi, nani analipia, seva zipi wamezifungia. Nyingine zinataka uandike sababu ya kujiunga; sentensi mbili za kweli zinatosha, na kama barua pepe ya uthibitisho haionekani, itafute kwenye taka. Seva ya mtu mmoja inavutia, ila ukitafuta mada utaona karibu hakuna kitu, kwa sababu seva inafahamu zaidi posti za watu wanaofuatwa na wenyeji wake. Seva ya watu elfu kadhaa inamfaa anayeanza.

Kwa simu ya Android, Tusky ni programu nyepesi ya kutumia Mastodon, na inapatikana F-Droid, duka la programu huria, bila akaunti ya Google. Pakua F-Droid kwenye tovuti yake, ruhusu kivinjari kisakinishe programu, kisha ukimaliza iondoe ruhusa hiyo. Tusky haisajili mtu mpya, kwa hiyo akaunti fungua kwenye kivinjari. Wengi wanakwama kwenye skrini ya kuingia: wanaandika barua pepe, au jina lao lenye @. Kinachotakiwa pale ni anwani ya seva peke yake. Ukiiandika, kivinjari kinafunguka, unaingia, unabonyeza kuidhinisha, unarudishwa Tusky.

Jambo la pili ni arifa. Simu za Tecno na Infinix zinaua programu zisizo kwenye skrini ili kuokoa betri, na Tusky bila msaada huchungulia seva kila baada ya muda tu, kwa hiyo jibu la asubuhi unaweza kuliona mchana. Sakinisha ntfy, programu ya kupokelea arifa, kutoka F-Droid, ifungue mara moja, kisha kwenye mipangilio ya betri ondoa kizuizi kwa zote mbili. Kama Tusky uliingia kabla ya ntfy, toka uingie upya. Hapo arifa zinafika bila kupitia Google.

Kuhusu bando: zima upakuaji wa vijipicha. Picha haipakuliwi mpaka uiguse, na hilo linapunguza matumizi.

Ukiandika, angalia kitufe cha lugha chini ya kisanduku na uweke SW. Kikibaki EN, anayechuja lugha ili asome Kiswahili tu hatakuona. Kikomo cha kawaida ni herufi 500. Na usifuate alama ya reli (#) ya Tanga peke yake: kwa lugha kadhaa za Ulaya neno hilo ni jina la chupi, na utakacholetewa si Raskazone wala Mapango ya Amboni. Unganisha na Tanzania, neno moja: #TangaTanzania. Hata hivyo wenyeji ni wachache mno. Bei ya changu ya leo pale Deep Sea bado utaipata kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi.

Faragha ndiyo sehemu inayosifiwa kuliko inavyostahili. Ni kweli hakuna anayekufuatilia ili akuuzie matangazo. Lakini ujumbe wa "waliotajwa tu", unaoonwa na uliowataja kwa @ peke yao, haujafungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho. Msimamizi wa seva yako, na wa seva ya mwenzako, anaweza kuusoma. Kibaya zaidi, ukimsengenya mtu kwa rafiki yako ukaweka @ na jina la unayemsengenya, ujumbe unamfikia naye. Ya siri yapeleke Signal, programu ya ujumbe yenye usimbaji huo. Posti za "wafuasi tu" nazo hazina maana mpaka uwashe kuidhinisha maombi ya kufuatwa, la sivyo yeyote anabonyeza kufuata na kuingia. Posti zinaweza kujifuta zenyewe baada ya muda unaouchagua, kuanzia wiki 1 hadi miaka 2, ila seva nyingine huombwa tu zifute nakala zao, hazilazimishwi.

Kuhama seva kunawezekana, na hapa Mastodon inawazidi wakubwa. Hakufanyiki ndani ya Tusky, tumia kivinjari. Fungua akaunti mpya, na kwenye mipangilio yake iandike ile ya zamani kuwa ni jina lako jingine. Kisha ingia ya zamani, pakua faili za CSV (orodha za kawaida) za unaowafuata na uliowazuia, halafu agiza kuhama kwa kuandika nywila. Wafuasi wanahamishwa na seva zenyewe, wengine wanachelewa. Unaowafuata unawapakia mwenyewe kutoka CSV. Posti za zamani hazihami. Omba nakala ya posti hizo mapema, inaruhusiwa mara moja kila siku 7. Yote hayo yanataka seva ya zamani iwe hai, kwa hiyo ikizimika ghafla kilichobaki ni faili ulizowahi kupakua. Na wale wa "waja leo waondoka leo" wajipange: ukishahama, ni siku 30 ndipo uruhusiwe kuhama tena.