Tahadhari: Muuzaji wa Boa "Wapole" Ambao Kumbe ni Wagonjwa

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, hasa wenye watoto wanaotamani kufuga nyoka, naomba msome maelezo haya kabla ya kumtumia fedha mtu yeyote anayetangaza kwenye intaneti kwamba anauza nyoka aina ya boa "mpole sana, hata mtoto mdogo anamshika". Mwezi wa Januari familia yangu hapa Leicester ilinunua boa wa namna hiyo kwa pauni 130, na siku ya kumi na tisa akafa. Simtaji muuzaji kwa jina, lakini nitaeleza jinsi anavyofanya kazi yake, kwa sababu matangazo yake bado yapo.

Aliyeliona tangazo ni binti yangu mwenye umri wa miaka 14, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akisoma habari za boa na kuweka akiba ya kununulia kizimba, taa ya joto na themostati. Mimi nimezaliwa Tanga, katika mtaa ambao nyoka akionekana uani huuawa kwanza na maswali hufuata baadaye, kwa hiyo kukubali kwangu hakukuwa jambo jepesi. Neno "mpole" ndilo lililonishawishi. Muuzaji alisema kuwa anahama nyumba, kwamba nyoka ana miaka miwili na anakula vizuri kila baada ya wiki mbili, na kwamba angependa apate familia yenye upendo. Tulipomwomba twende kwake tumwone nyoka katika kizimba chake, alijibu kuwa nyumba imejaa maboksi, akapendekeza tukutane kwenye maegesho ya kituo cha mafuta karibu na barabara kuu ya M1.

Siku hiyo kulikuwa na baridi kali. Nyoka alikuja ndani ya foronya iliyowekwa juu ya kiti cha gari, bila chupa ya maji ya moto wala sanduku la kuhifadhi joto. Alipotolewa alilala mikononi mwa binti yangu kama kipande cha kamba, hakuinua kichwa wala kutoa ulimi, na muuzaji akasema, "Mnaona alivyo mpole?" Nilishusha pumzi. Leo ninaelewa kwamba muuzaji yule anafanya biashara kwa kutegemea afueni ile ya mzazi mwenye hofu, na kwamba niliuziwa mbuzi kwenye gunia nikiwa nimemtazama kwa macho yangu mwenyewe.

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi; misuli yake, mmeng'enyo wa chakula na hata kinga yake dhidi ya maradhi hutegemea joto la mahali alipo. Boa wa kawaida, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, huhitaji mahali pa kuota joto penye nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa pili wa kizimba usiopungua sana nyuzi 26. Ukimweka katika baridi ya Januari atalegea, awe mpole au mkali, mzima au mgonjwa, na mnunuzi asiyejua hawezi kutofautisha.

Tulimfikisha nyumbani tukamweka kwenye joto, lakini asubuhi alikuwa bado amelegea. Siku ya tatu tuliona vidoa vyeusi vikielea kwenye bakuli lake la maji. Walikuwa utitiri, wadudu wanaomnyonya nyoka damu na kujificha chini ya magamba ya kidevu na kandokando ya macho. Siku ya tano alianza kupumua kinywa wazi, na mapovu ya ute yakaonekana mdomoni. Daktari wa wanyama mwenye utaalamu wa reptilia alitueleza kuwa ni nimonia ya muda mrefu, kwa sababu nyoka hana kiwambo cha kumwezesha kukohoa na kutoa makohozi, hivyo dalili hujitokeza wakati mapafu yamekwisha kujaa. Alimchoma sindano za antibayotiki, akachukua pia vipimo vya ugonjwa wa kuambukiza wa nyoka ujulikanao kwa kifupi IBD (kwa Kiingereza inclusion body disease), unaohusishwa na virusi viitwavyo reptarenavirusi, ambavyo watafiti walivitambua mwaka 2012. Majibu yalithibitisha kuwa alikuwa navyo. Ugonjwa huo hauna tiba, na boa anaweza kukaa nao miezi mingi, hata miaka, bila dalili, huku akiwaambukiza wengine.

Boa mpole wa kweli yupo, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kuwa kila nyoka mtulivu ni mgonjwa. Boa anayekaribia kujivua gamba huwa na macho yenye ukungu wa buluu na hupenda kujificha, na aliyetoka kula hapaswi kusumbuliwa. Lakini boa mzima akishikwa katika joto lake hujizungusha mkononi taratibu, ukahisi nguvu ya misuli yake, hutoa ulimi mara kwa mara kuchunguza harufu, na akigeuzwa mgongo chini hujirudisha mara moja. Upole wake ni wa mazoea, na haufanani hata kidogo na ulegevu. Kwa hiyo mwone kwake, katika kizimba chake, na uombe kumbukumbu za kula na kujivua gamba. Anayekataa hayo mwache, hata akipunguza bei.

Baada ya kifo kile nilitafuta namba ile ya simu na kuikuta katika matangazo mengine manne, ya boa, chatu na mijusi, yote yakisema mwenyewe "anahama nyumba". Kujifanya mtu binafsi kuna faida kwake. Hapa England, kanuni za mwaka 2018 zinamtaka anayeuza wanyama wa kufugwa kama biashara awe na leseni ya halmashauri na aonyeshe namba yake katika tangazo. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 nayo inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro, lakini inamhusu mfanyabiashara tu. Alitutaka pia tulipe kwa njia ya rafiki kumtumia rafiki, ambayo haina ulinzi wa mnunuzi, na alikuwa tayari kumuuzia binti yangu moja kwa moja ingawa alikuwa ameambiwa umri wake, wakati sheria ya mwaka 2006 ya ustawi wa wanyama inakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16. Nimepeleka picha za matangazo yote kwa halmashauri ya eneo lake.

Kama umekwisha kununua boa katika mazingira kama haya, hata kama anaonekana mzima, mtenge kabisa na nyoka wengine, hasa chatu, ambao ugonjwa wa IBD huwaua upesi zaidi. Mhudumie wa mwisho, nawa mikono na usitumie vyombo vyake kwa mwingine, kisha mpeleke apimwe wiki hii.