Master Brewer: mtihani wa anayetia sahihi ya mwisho

Kwa meneja wa uzalishaji anayejiuliza kama kuna haja ya kurudi kwenye mitihani akiwa tayari ana cheo, jibu langu ni ndiyo, ila asikimbilie. Nazungumzia Master Brewer, mtihani wa ngazi ya juu kabisa ya taasisi ya London ya watengenezaji bia na pombe kali, iliyoanza mwaka 1886 kwa jina la Laboratory Club. Chini yake kuna vyeti vya kuanzia na stashahada. Wenzetu wa kunereka nao wana Master Distiller wao.

Stashahada ilinifundisha sababu za mambo. Kimea kikikaa kwenye maji ya nyuzi 63 hivi, sukari nyingi inayotoka ni ile ambayo hamira inaweza kuila. Ukikaa zaidi kwenye 72, bia inabaki nzito mdomoni. Master Brewer inachukulia kwamba hayo unayo kichwani. Inachotaka ni uamuzi: kimea kimekuja na protini nyingi, mauzo wanadai bia zaidi, boila imefika mwisho wa uwezo wake. Utafanya nini, na utamshawishi vipi anayeshika fedha?

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni ujazaji wa bia kwenye chupa. Sisi tuliokulia kwenye matangi ya kuchachushia tunapenda kuamini kwamba bia ikishachujwa kazi imekwisha. Lakini oksijeni kidogo mno, inayopimwa kwa sehemu za bilioni, inatosha kuiharibu ladha ikiwa imeshafungwa kwenye chupa. Au chukua upasteurishaji, yaani kupasha bia joto ili kuua vijidudu. Kipimo kimoja cha upasteurishaji ni dakika moja kwenye nyuzi 60, na kila nyuzi moja ikipanda, nguvu yake huzidishwa kwa 1.393. Maana yake dakika moja kwenye nyuzi 64 inakaribia kuhesabiwa kama nne. Fomula hiyo hata mwanafunzi anaijua. Sasa mtambo wa kujaza umekwama, na chupa zilizo ndani ya handaki la kupasteurisha zinaendelea kuiva. Utaziuza au utazimwaga? Nani ana mamlaka ya kusema, na ameandikwa wapi? Nilipoyasomea hayo ndipo nilipoanza kukaa na watu wa ujazaji kila asubuhi, na sijaacha.

Nishati nayo imepewa uzito unaostahili. Kilo moja ya maji kuwa mvuke inataka takriban kilojuli 2,257, kwa hiyo kila asilimia ya maji ya kimea unayochemsha na kuipoteza hewani ni mafuta yaliyolipiwa. Punguza mchemsho kupita kiasi, DMS, kemikali ya salfa itokanayo na kimea, inabaki na bia inanuka mahindi ya kuchemsha. Mhasibu anaona upande mmoja wa jambo hili, mwonjaji anaona mwingine. Anayefanya mtihani huu analazimika kuona pande zote mbili na kuchagua.

Usalama sitauchambua sana. Yeyote aliyewahi kusimamia watu wanaoingia kwenye tangi lenye mabaki ya hewa ukaa anajua kwa nini umo.

Onyo langu linahusu madarasa ya maandalizi. Moja nililolipia lilikuwa linagawa majibu ya kukariri, na kwa mtihani wa namna hii hayo hayana faida. Nilipata zaidi kwa mhandisi wa mitambo, mkuu wa maabara na mtu wa fedha: nikiwasomea uamuzi wangu, nao wakiuvunja.

Kama hujawahi kusimamia bajeti, au hujawahi kuzuia bidhaa isitoke huku malori yakisubiri, ngoja kwanza. Utaandika mambo sahihi yasiyo na uzito, na msahihishaji ataona. Ukiwa umeyapitia, jiandikishe, na uanze na sehemu unayoikwepa kazini. Kwa wengi wetu tuliotoka upande wa uchachushaji ni mvuke, ubaridishaji na maji taka.