Akiba ya malipo ya awali ya nyumba: tuanze na ipi kati ya njia tano

Benki zinazotoa mikopo ya nyumba nchini Tanzania kwa kawaida humtaka mnunuzi achangie kati ya asilimia 10 na 20 ya bei. Kwa nyumba ya shilingi milioni 80, tuseme ya Bunju au Kigamboni, asilimia 15 ni milioni 12, na anayeweka 300,000 kila mwezi atazifikisha baada ya miezi 40 hata asipopata faida yoyote. Juu ya hizo kuna ushuru wa stempu, wakili na mthamini, gharama ambazo wengi huzikumbuka wakati mkataba umeshawekwa mezani. Kwa akiba ya muda huo, kigezo changu cha kupanga njia hizi ni kwamba fedha isiwe rahisi kuchomoa kila harusi inapochangiwa, na wakati huohuo ipatikane haraka muuzaji anapokubali bei. Ukubwa wa faida unakuja baada ya hapo.

Kwa kigezo hicho naweka nafasi ya kwanza Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayowekeza kwa pamoja fedha za watu wengi. Unaanza kwa 100,000, kisha unaongeza kuanzia 10,000 kila unapoweza. Hakuna ada ya kuingia wala ya kutoka, na ukiuza vipande, yaani sehemu zako za mfuko, fedha huingia benki ndani ya siku chache za kazi. Siku hizo chache ndizo ninazozipenda, kwa sababu zinatosha kumpoza mtu aliyeamka na hamu ya kubadilisha televisheni, lakini hazimkoseshi nyumba. Hakuna anayekuhakikishia faida, ingawa mfuko huwekeza zaidi katika amana za benki na hati za mkopo za muda mfupi, hivyo bei ya kipande haiyumbi kama ya hisa.

Ya pili ni Saccos (chama cha akiba na mikopo) ya kazini, na kwa anayetaka kiwanja badala ya nyumba iliyokamilika ningeipandisha iwe ya kwanza. Makato hutoka kwenye mshahara kabla hujauona, na akiba humwezesha mwanachama kukopa mara mbili au tatu ya alichoweka. Ugumu wake ni kwamba akiba hiyo kwa kawaida haitoki mpaka ujitoe uanachama, na ukikopa kwa ajili ya malipo ya awali, makato ya mkopo huo yatapunguza kiasi ambacho benki itakubali kukukopesha. Kabla ya kujiunga, hakikisha ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na uombe hesabu zilizokaguliwa. Chama kinachosita kukuonyesha hesabu kimeshakujibu.

Amana ya muda maalum benki, yaani fedha unayoifungia kwa muda mliokubaliana ili ilipwe riba, ni ya tatu. Inafaa ukishakusanya kiasi cha maana, kwa sababu mwenye milioni moja hapangi riba na meneja, na riba yenyewe hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Uzuri wake ni kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, inayomlipa mteja benki ikifilisika, ambayo sasa inafikia shilingi 7,500,000 kwa mteja katika kila benki, kwa hiyo mwenye milioni 12 anaweza kuzigawa katika benki mbili.

Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinazoanzia milioni moja, nimeziweka nafasi ya nne kwa sababu ya muda tu. Ya miaka 20 hulipa vizuri kila miezi sita, lakini anayehitaji fedha mwaka wa tatu atalazimika kuiuza sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo huenda ikawa chini ya aliyonunulia.

Wa mwisho ni mchezo wa kupeana zamu. Hauna faida, na usalama wote umo katika daftari la kijumbe, anayekusanya michango, na uaminifu wa waliokwisha kupokea. Mwenye nidhamu anaweza kuutumia kwa namna moja tu: ashike zamu ya katikati, na fedha ikishaingia kwenye simu aipeleke kwenye vipande jioni hiyohiyo, kabla ndugu hawajasikia kwamba amepokea.