Magome na mizizi ya Kimaasai sokoni: ya kununua na ya kuacha

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: nunua gome zima, lisilosagwa, kwa muuzaji anayekuuliza unaumwa nini, tangu lini, na unameza dawa gani za hospitali. Unga uliokwisha kuchanganywa, umejazwa kwenye chupa ya maji na kubandikwa karatasi yenye orodha ya magonjwa kumi na zaidi, uache palepale ulipo. Bei za vitu hivi viwili hukaribiana, lakini thamani yake haikaribiani hata kidogo. Meza za namna hii zipo Arusha mjini, Kariakoo, Namanga, Kajiado, Narok na kwenye minada ya ng'ombe, na bidhaa zake karibu zinafanana kila mahali, kwa hiyo ninazipima kwa aina ya gome na kwa namna muuzaji anavyohudumia.

Nianze na muuzaji, kwa sababu hapo ndipo wateja wa mjini wanapopotea. Si kila Mmaasai mwenye meza ya mizizi ni mganga. Umaasaini ujuzi wa miti ni wa watu wazima wote: mama anajua gome la kumchemshia mtoto mwenye kifua, morani anajua mizizi ya kutia kwenye supu, mzee anajua ya mgongo na viungo. Wapo wenye mkono wa pekee kwa jambo moja, kama kuunga mifupa au kuzalisha, na hao hufuatwa kutoka mbali. Oloiboni ni mtu mwingine kabisa. Kazi yake ni kutazama, kwa kumwaga na kuhesabu vijiwe kutoka kwenye kibuyu kiitwacho enkidong, kubariki rika la morani, kuomba mvua, kueleza chanzo cha balaa lililoiingia boma. Kazi hiyo hurithiwa ndani ya ukoo wa Inkidongi, ukoo wa Mbatian na mwanawe Olonana, maoloiboni wakuu wa zamani, na hata oloiboni anapotoa dawa humpa mtu aliyemwendea na shida yake, haipangi kwa mafungu sokoni.

Ukikuta meza moja inauza dawa ya kifua, inamtaja mwizi wako na inamrudisha mpenzi aliyeondoka, hiyo si huduma ya Kimaasai hata kama muuzaji amejifunga shuka nyekundu. Kwa upande wa Tanzania kuna sababu nyingine ya kuondoka: serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Muuzaji mzuri anazungumza juu ya miti yake tu. Anakutajia jina la mti, sehemu iliyotumika, gome au mzizi, na mahali ulikotoka. Akishindwa kukujibu hayo matatu, amenunua kwa jumla na hajui anachouza.

Gome linalostahili pesa kuliko yote ni olkiloriti. Ni jamii ya migunga, Vachellia nilotica kwa jina la kitaalamu, na ni kiungo cha chakula kabla ya kuwa tiba. Kwenye olpul, kambi ya porini ambako morani huchinja na kula nyama kwa siku nyingi mfululizo, nyama hufuatana na motori, yaani supu, iliyotiwa gome au mizizi ya mti huu. Wenyewe husema huyeyusha mafuta tumboni, huleta hamu ya kula na huwatia morani ukali. Katika miaka ya 1990 Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na wenzake walichambua mimea ambayo Wamaasai na majirani zao Wabatemi wa Ngorongoro hutia kwenye supu na maziwa. Walikuta mingi ina saponini, kemikali zinazotoa povu kama la sabuni, na fenoli, kundi la kemikali za mimea, wakapendekeza kwamba huenda kemikali hizo husaidia kuzuia kolesteroli isipande kwa watu wanaokula mafuta mengi ya wanyama. Ni pendekezo, si cheti cha tiba, lakini linaonyesha kwamba kiungo hiki hakikuwekwa kwenye sufuria kwa kubahatisha.

Kwa supu ya watu wanne au watano, chukua kilo moja ya mifupa na lita tatu za maji, uchemshe mifupa peke yake kwa saa mbili hivi. Kipande cha gome kavu chenye ukubwa wa kiganja kinatosha. Kwangua ganda la nje lenye vumbi, osha, kisha ponda vipande vidogovidogo. Vichemshe kando kwa nusu lita ya maji, dakika 20 hadi 30, mpaka maji yakolee wekundu kama chai ya rangi. Chuja kwa kitambaa, umimine kidogokidogo kwenye supu huku ukionja, na usimame ukakasi unapoanza kusikika pembeni mwa ulimi. Chumvi iwe ya mwisho.

Wengi huharibu kwa kutumbukiza gome lote kwenye supu na kuliacha humo mpaka mwisho. Tanini, kemikali inayoleta ule ukakasi, hutoka bila kipimo, supu inakausha mdomo, na kesho yake choo hakitoki. Supu iliyofikia hapo haiokolewi kwa chumvi wala ndimu. Ongeza maji na mafuta ya mifupa, au imwage. Chombo nacho kina neno: sufuria ya chuma chenye kutu huigeuza supu nyeusi, kwa kuwa tanini ikikutana na chuma hutoa rangi kama ya wino. Tumia chungu cha udongo au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Na kwa kuwa tanini huuzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye chakula, mwenye upungufu wa damu na mama mjamzito wasiifanye supu hii kuwa ya kila siku.

Gome zuri la olkiloriti ni kavu, zito kidogo mkononi, na likivunjwa huonyesha wekundu na nyuzi ndani. Litafune kidogo: linakausha ulimi papo hapo. Lenye unga mweupe au wa kijani kwenye mikunjo lina ukungu. Usidanganyike kwamba kuchemsha kutalisafisha, kwa sababu sumu nyingi za ukungu huvumilia moto wa jikoni.

Oloisuki, ambao Waswahili tunauita mjafari, ni wa pili. Si rahisi kubambikiwa, maana una alama nyingi: vinundu vyenye miiba juu ya gome, umanjano chini ya ganda, harufu inayokumbusha kwamba mti huu ni wa familia moja na mlimau, na ganzi inayobaki kwenye ulimi na midomo. Gome lisilotia ganzi ama si lenyewe ama ni la zamani mno. Kwa mafua na koo linalokereketa, kipande cha urefu wa kidole gumba kwenye vikombe viwili vya maji, moto mdogo kwa dakika 10 hadi 15, kisha asali. Kama kinywaji cha mafua ninakipa alama za juu. Kama dawa ya malaria, ambavyo wauzaji wengi hukinadi, hapana. Homa inataka kipimo, na malaria ikionekana inataka dawa mseto. Kwa mtoto mdogo siku moja ya kusubiri gome lifanye kazi inaweza kuwa siku nyingi mno.

Osokonoi, Warburgia ugandensis, una ukali wa pilipili unaochelewa sekunde chache kisha unashuka mpaka kooni. Watu hutafuna kipande kidogo kwa jino linalouma au kikohozi, au huchemsha kama oloisuki. Ukali huo unatokana na kemikali kama poligodiali, ambayo maabara imeonyesha huua fangasi aina ya Candida. Maabara si mwili wa mtu, ila angalau hapa kuna kitu cha kweli ndani ya gome. Ninachopunguzia alama si dawa, ni namna inavyovunwa. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa, kwa sababu njia ya kupeleka chakula kwenye mizizi imekatwa. Mvunaji mwenye adabu huchukua ukanda mwembamba upande mmoja, au mzizi wa pembeni, kisha hufukia. Mezani tazama umbo: gome pana lililojikunja likawa bomba zima limetoka kwenye shina lililovuliwa nguo yote. Majani ya osokonoi yana ukali uleule. Yakiwepo, nunua majani, na mwambie muuzaji kwa nini umeyachagua. Wakiambiwa na wateja wengi wataanza kuyaleta.

Olmukutan ni habari nyingine. Ni dawa ya minyoo, hasa tegu, na inafanya kazi kwa nguvu kweli. Tikisa unga wake kwenye maji na utaona povu zito kama la sabuni; hizo ni saponini, na ndizo zinazosumbua minyoo na tumbo lako pamoja. Kati ya kipimo kinachotoa tegu na kipimo kinachomlaza mtu kwa kutapika na kuharisha hakuna nafasi kubwa, na muuzaji wa barabarani hana namna ya kujua gome lake lina nguvu kiasi gani, maana nguvu hubadilika kwa mti, msimu na umri wa gome. Bomani, anayeitoa humjua mgonjwa na hukaa naye mpaka iishe nguvu. Wewe unakwenda nayo nyumbani kwenye mfuko. Usiinunue. Minyoo ya kawaida ina albendazole ya miligramu 400, na tegu ina prazikwanteli, zote kwa kipimo kinachojulikana.

Mizizi ya olamuriaki bado inauzwa kwa jina la Loliondo. Ndiyo mti ambao Wabatemi huuita mugariga, na ambao mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, aliuchemsha na kuugawa kijijini Samunge mwaka 2011 kwa shilingi 500 kikombe. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, wapo waliofia humo kabla ya kufika, na wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Mwasapile mwenyewe, aliyefariki mwaka 2021, alifundisha kwamba dawa ile inafanya kazi ikitolewa kwa mkono wake na palepale Samunge, kwa sababu ni agizo la Mungu, si nguvu ya mzizi pekee. Kwa hiyo anayekuuzia "kikombe cha Babu" kwenye chupa anakuuzia kitu ambacho hata mwenye nacho alisema hakipo. Kama kiungo cha supu au chai, mzizi huu una nafasi yake ya zamani Umaasaini. Kwa kisukari, saratani au virusi, pesa yako inapotea, na afya nayo.

Ule unga wa chupa ndio ulio chini kabisa. Umesagwa, basi huoni ukungu wala huonji ganzi. Umechanganywa, basi ukidhurika daktari hajui aanzie wapi. Zile za nguvu za kiume na za maumivu ya viungo ndizo za kuogopwa zaidi: katika nchi nyingi bidhaa za asili za aina hizi zimekutwa na sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, au steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, ndani yake bila kuandikwa. Mtu mwenye dawa za moyo za jamii ya naitreti akinywa sildenafili asiyoijua, presha inaweza kushuka ghafla akafa. Muuzaji akikuonyesha cheti kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya 2002, kisome vizuri. Usajili wa mganga ni jambo moja na usajili wa dawa ni jambo la pili, na kile cha kwanza mara nyingi ndicho kinachopeperushwa kuficha ukosefu wa cha pili.

Ukishanunua, weka gome kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, mahali pakavu. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na gome lililokuwa zuri Arusha linaota ukungu Dar es Salaam. Taja ulichokunywa kila uendapo hospitali, hasa kama una dawa za kisukari, presha, kifua kikuu, ARV au za kuzuia damu kuganda. Na nunua kidogo: fungu moja la olkiloriti linatosha sufuria tatu au nne za supu.